Kujifunza kuruka na farasi: kwa nini mwanafunzi hubadilishiwa mnyama kila mara

Wapanda farasi wengi duniani hawana farasi wao. Wanajifunza kuruka vizuizi juu ya farasi wa shule, leo huyu, kesho yule. Watu hudhani hilo ni somo la maskini, lakini ndilo linalomfanya mpanda farasi kamili, mradi pawepo mwalimu anayejua kuchagua mnyama na kumlinda.

Mulongo, katika jimbo la Haut-Lomami, si nchi ya farasi. Kando ya Lualaba watu husafiri kwa pirogi, kwa moto na kwa kinga, na mtoto anaweza kukua hadi kuoa bila kumwona farasi ila kwenye simu au televisheni. Lakini mwaka huu wa 2026 mchezo huo unakaribia. Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangwa kufanyika Dakar, nchini Senegal, kuanzia tarehe 31 Oktoba hadi 13 Novemba. Ni mara ya kwanza mashindano ya Olimpiki kupangwa katika ardhi ya Afrika, na kuruka vizuizi kwa farasi ni mmoja kati ya michezo iliyomo katika programu.

Mchezo huo, upande wa vijana, una kawaida yake. Huko Singapore mwaka 2010, Nanjing mwaka 2014 na Buenos Aires mwaka 2018, vijana hawakusafiri na farasi wao. Walipewa wa kuazima, kwa kupiga kura, wakapata siku chache za kuzoeana nao, kisha wakaingia uwanjani. Aliyezoea mnyama mmoja tu wa nyumbani kwao alikuwa na shida. Aliyelelewa na farasi wengi wa shule alikuwa nyumbani.

Kwa nini farasi hawakufika Lualaba

Sababu ya kwanza ni mbung'o, yule nzi anayeleta malale. Kwa miaka mingi Kongo ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi zaidi wa malale duniani kwa upande wa binadamu. Kwa wanyama, mbung'o hueneza ugonjwa wa aina hiyo unaoitwa nagana, na farasi ni kati ya wanyama wanaouvumilia kidogo sana. Huanza kwa homa, mnyama anakonda, miguu na tumbo vinavimba, mwisho anaanguka.

Sababu ya pili ni ugonjwa wa virusi unaojulikana kama tauni ya farasi ya Afrika. Huletwa na vijidudu vidogo vinavyoruka na kuuma jioni na usiku. Ndiyo maana katika nchi zenye ugonjwa huo wafugaji huwaingiza farasi bandani kabla jua halijazama, na kuwachanja.

Historia inathibitisha. Mwaka 1866 David Livingstone aliingia bara kutoka pwani ya kusini ya Tanzania ya leo akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, akitaka kuona kama wangeweza kuwashinda mbung'o. Karibu wote walikufa njiani, kwa ugonjwa na kwa kutendewa vibaya na waliowaongoza. Alipofika Nyangwe, kwenye Lualaba hiyohiyo, mwaka 1871, alikuwa akitembea kwa miguu. Wafanyabiashara Waswahili waliotoka Zanzibar nao walitegemea wapagazi: mabega ya watu yalifanya kazi ambayo farasi hakuweza kuifanya.

Hali ni tofauti mahali penye baridi zaidi na mbung'o wachache. Lubumbashi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ina Cercle hippique yake, na Kinshasa vilevile. Ni mchezo ulioletwa na Wazungu enzi ya ukoloni. Katika nchi za Waswahili jirani, Kenya ndiyo yenye desturi ndefu zaidi. Pembeni mwa Nairobi, upande wa Karen na Lang'ata, kuna shule ambako watoto hujifunza kuruka, na baadhi ya farasi wanaowafundisha ni wale waliostaafu mbio za uwanja wa Ngong.

Kuruka ni nini hasa

Mtu asiyejua hudhani kwamba mpanda farasi ndiye anayerusha mnyama. Sivyo. Farasi anaruka mwenyewe. Kazi ya mtu ni kumfikisha mahali panapofaa, kwa mwendo unaofaa, halafu kutomsumbua.

Waalimu hugawa mruko katika sehemu tano: kukaribia, kujiinua, kuwa hewani, kutua na kuondoka. Sehemu ndefu na ngumu ni ile ya kwanza. Farasi akikaribia kizuizi akiwa amenyooka, akiwa na nguvu miguuni na bila papara, mruko wenyewe huwa mzuri. Akifika upande upande, au akiwa amelala mwendo, hata mpanda farasi hodari hana la kufanya.

Hadi mwanzo wa karne ya 20, wapanda farasi wa jeshi waliruka wakiwa wameegemea nyuma, wakivuta hatamu. Farasi alipata maumivu mara mbili: mdomoni kwa chuma cha hatamu, na mgongoni kwa uzito wa mtu. Afisa mmoja wa Italia, Federico Caprilli, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1907, aliwatazama farasi wakiruka bila mtu mgongoni, akaona kwamba wananyoosha shingo na kukunja mgongo kama upinde. Akafundisha kinyume cha desturi: mtu ainame mbele, ainue makalio kidogo kutoka kwenye tandiko, uzito ushuke visiginoni, na mikono ifuate mdomo wa farasi. Dunia nzima leo inaruka kwa namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi hulijua polepole. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa mahali padogo mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Akifika karibu kabisa na kizuizi, sehemu yake humpotea machoni. Anaruka kwa kukumbuka alichokiona hatua chache nyuma. Ndiyo sababu mtu anayevuta kichwa cha farasi dakika ya mwisho anamnyima nafasi ya kupima.

Hatua za somo

Shule nzuri haianzi na kizuizi. Mwanafunzi huanza akiwa juu ya farasi anayeshikwa kwa kamba ndefu na mwalimu, akizunguka duara, bila hatamu mkononi. Hapo anajifunza kukaa bila kujishikilia mdomo wa mnyama.

Kisha huja miti iliyolazwa chini. Kwa mbio ndogo, ile troti, miti huwekwa umbali wa mita 1.20 hadi 1.40, na farasi hupita akiinua miguu moja baada ya mwingine. Baadaye miti miwili hupandishwa kwa mfano wa herufi X, katikati ikiwa chini ili imwelekeze farasi hapo. Ndiyo mruko wa kwanza. Halafu mti ulionyooka wa nusu mita, kisha kizuizi kipana cha miti miwili, kisha viwili vinavyofuatana, mwisho uwanja mzima wenye kona. Walio juu kabisa, katika Olimpiki, huruka hadi mita 1.65. Rekodi ya dunia ni mita 2.47, iliyowekwa na Alberto Larraguibel wa Chile juu ya farasi Huaso, tarehe 5 Februari 1949.

Hesabu iko ndani yake. Hatua moja ya farasi mkubwa akiwa galopi huhesabiwa kama mita 3.60. Vizuizi viwili vikiwa na mita 14.40 kati yao, farasi hutumia mita 1.80 kutua na mita 1.80 kujiinua tena. Zinabaki mita 10.80, yaani hatua tatu sawasawa. Lakini poni mwenye hatua fupi hawezi kuzimaliza kwa hatua tatu bila kukimbia ovyo. Yeye anahitaji nne. Uwanja ni uleule, hesabu ni nyingine. Mwanafunzi aliyepanda mnyama mmoja tu hudhani jibu ni tatu siku zote.

Kila farasi ana somo lake

Hapa ndipo faida ya kubadilisha inapoonekana.

Wa kwanza ni mzee wa shule. Ameshapita juu ya vizuizi hivyo maelfu ya mara na anajua kazi kuliko mtoto aliye mgongoni. Mtoto akiyumba, yeye hujisogeza chini yake. Akisahau kuongoza, yeye hutafuta kizuizi mwenyewe. Huyu anafundisha jambo moja kubwa: kutoogopa. Lakini akiwa peke yake anaficha makosa. Mwanafunzi anajiona fundi, kumbe aliyeruka ni mzee.

Wa pili ni mvivu. Haendi mpaka aombwe. Akifika mbele ya kizuizi bila nguvu anasimama tu, bila hasira. Huyu anafundisha miguu. Mwanafunzi anagundua kwamba kupiga mateke kila wakati hakusaidii, kwa sababu farasi anazoea na kuacha kusikia. Inabidi kuomba mara moja kwa wazi, kisha kunyamaza mnyama akiitikia.

Wa tatu ni mwenye haraka. Akiona miti, masikio mbele, anaondoka. Anayemvuta kwa nguvu anapoteza, maana kilo 500 za farasi hazishindwi kwa mikono ya mtu. Huyu anafundisha utulivu: kukaa wima, kupumua, kuzunguka duara, kushika na kuachia, kushika na kuachia. Somo alilolileta mwanafunzi kutoka kwa mvivu huwa hatari hapa. Mguu uleule uliomwamsha yule wa jana unamrusha huyu wa leo.

Wa nne ni mwenye mashaka. Anakataa, au anakwepa kando. Huyu hufundisha mstari. Mpanda farasi akitazama chini kwenye kizuizi, mwili wake unaegemea mbele kabla ya wakati na farasi anahisi kwamba hata mwenzake hana hakika. Akitazama mbali, kupita kizuizi, akiweka miguu pande zote mbili kama kingo za njia, mnyama hupata moyo. Mashindanoni kosa hili lina bei: kukataa mara ya kwanza ni pointi 4 za adhabu, sawa na kuangusha mti, na katika mashindano ya kimataifa kukataa mara ya pili ni kutolewa.

Wa tano ni mwenye kurukia juu mno. Kizuizi ni nusu mita, yeye anapita kama ni mita moja. Mwanafunzi asiyetayarishwa hubaki nyuma, mikono inavuta hatamu, na chuma kinamuumiza farasi mdomoni. Hapo ndipo waalimu humwambia ashike nywele za shingo ya farasi. Si aibu. Ni njia ya kulinda mdomo wa mnyama mpaka mwili wa mtu ujue kufuata.

Mwenye kuendesha kinga za kuazima anaelewa kidogo: moja ina breki kali, nyingine haina kabisa, ya tatu mnyororo unaruka. Tofauti ni kwamba kinga haina kumbukumbu. Farasi anayo. Akivutwa mdomo kila anaporuka, anajifunza kwamba kuruka kunauma, na siku moja anakataa. Kosa la mwanafunzi wa Jumatatu linamwangusha mwanafunzi wa Ijumaa.

Fainali ya farasi wanne

Ulimwengu wa mchezo huu uliwahi kuamini kubadilisha farasi kiasi cha kukifanya kipimo cha mwisho. Kuanzia mwaka 1953, katika fainali ya ubingwa wa dunia wa kuruka, wapanda farasi wanne bora walibadilishana wanyama. Kila mmoja aliruka na wake, halafu na wale watatu wa wapinzani wake, akipewa dakika chache tu za kuzoea kila mmoja. Bingwa alikuwa yule aliyewaelewa wote wanne.

Fainali ya mwisho ya namna hiyo ilikuwa Caen, Ufaransa, mwaka 2014, na mshindi alikuwa Jeroen Dubbeldam wa Uholanzi. Baada ya hapo utaratibu uliachwa. Wenye farasi hawakupenda tena kuona wanyama wa thamani kubwa wakiruka mara nne mfululizo chini ya watu wasiowajua. Wapenzi wengi wa mchezo walisikitika, lakini swali lililoulizwa lilikuwa la haki: mtu anapimwa, je, farasi naye amekubali?

Tokyo: siku ambayo muda haukutosha

Swali hilo lilirudi kwa nguvu tarehe 6 Agosti 2021, huko Tokyo, katika mchezo wa pentathloni ya kisasa. Huko kila mshindani alipewa kwa kura farasi asiyemjua na dakika 20 za kujuana naye. Mjerumani Annika Schleu alikuwa akiongoza wanawake wote. Kura ilimpa Saint Boy, farasi ambaye tayari alikuwa amekataa kuruka chini ya mshindani mwingine siku hiyohiyo.

Saint Boy aliingia uwanjani akiwa na hofu. Alirudi nyuma, akasimama, akagonga vizuizi. Schleu alilia mbele ya dunia nzima huku akimchapa. Kocha wake, Kim Raisner, alimpiga farasi ngumi na akaondolewa katika Michezo hiyo. Schleu aliyekuwa wa kwanza alimaliza wa 31. Miezi mitatu baadaye shirikisho la pentathloni liliamua kuondoa farasi katika mchezo wake. Paris 2024 ilikuwa mara ya mwisho. Nafasi yao imechukuliwa na mbio za vizuizi ambazo mwanariadha hupita kwa miguu na mikono yake.

Wengine walisema Tokyo ilionyesha kwamba kupanda farasi wa wengine ni jambo baya. Lakini mambo yanayofanyika kila siku katika shule nzuri yanaonyesha kitu kingine. Tofauti kati ya Tokyo na somo la kawaida ni tatu. Shuleni mwalimu, si kura, ndiye anayemchagulia mtoto farasi. Shuleni farasi aliyetishika asubuhi hatumiki tena mchana. Na shuleni hakuna medali inayomkataza mtu kushuka. Mwanafunzi anaweza kurudi kwenye miti iliyolazwa chini, na hakuna anayemcheka.

Kwa hiyo kinachofundisha si kubadilisha peke yake. Mwanafunzi anahitaji pia muda wa kumsikiliza kila mnyama, na mtu mwenye mamlaka ya kusema: leo huyu hapana.

Mzazi aangalie nini

Kijana wa Haut-Lomami anayetaka mchezo huu atalazimika kuufuata mjini, Lubumbashi au mbali zaidi, anakoenda kusoma au kwa ndugu. Hatakuwa na farasi wake, na si lazima awe naye. Kuna mfano barani Afrika: Abdelkebir Ouaddar wa Morocco alikulia katika mazizi ya ufalme, akipanda farasi wasio wake, na mwaka 2016 aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Rio juu ya Quickly de Kreisker.

Kabla ya kulipa, mzazi au mlezi atazame mambo machache. Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni iwe ya lazima kwa kila mtu, hata kwa mwendo wa kutembea. Viatu viwe na kisigino kidogo, ili mguu usipenye kwenye kikuku cha kukanyagia na mtu akaburutwa akianguka. Mwanafunzi asiruhusiwe kuruka kabla hajaweza kukaa imara katika troti na galopi bila kushikilia hatamu.

Kisha atazame wanyama wenyewe. Mgongo usiwe na vidonda chini ya tandiko, wala pembe za mdomo zisiwe zimechanika. Farasi asitolewe kwa saa nyingi mfululizo kwa wanafunzi wapya. Na aulize swali moja: mtoto atapanda farasi wangapi kwa mwaka, na nani anachagua? Mwalimu anayejibu kwa kutaja kila farasi kwa jina na tabia yake, huyu anafaa kwa mwoga, yule si wa wanaoanza, huyo ndiye wa kuaminiwa.

Dakar itakapofika, kamera zitawafuata vijana na medali. Watazamaji wa Kongo wanaweza kutazama kitu kingine: kijana anapokutana na farasi wa kuazima kwa mara ya kwanza, anafanya nini kabla ya kupanda. Yule anayesimama kwanza, akanyoosha mkono ili anuswe, akazunguka mnyama polepole, pengine ndiye aliyefundishwa na farasi wengi.